Ralanti inacheza baada ya kubadilisha moteri: uanze na mikono, skana, moshi au kipuri cha kuazima?

Moteri ya okazioni (iliyotumika) imeshaingia, gari inawaka, hapa Goma inatembea vizuri kutoka Birere hadi Ndosho. Tatizo linaanza ukisimama, moteri ikiwa kwenye ralanti, yaani inazunguka bila kukanyagwa. Pale Rond-point Tshukudu, mguu ukiwa kwenye breki, sindano ya mizunguko inapanda hadi 1,500, inaanguka hadi 500, inapanda tena. Au moteri inazima mara tu polisi anapokuonyesha upite.

Hapo mwenye gari huanza kupokea ushauri wa kila aina. Mmoja anasema safisha papiyoni (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga), mwingine anasema leta skana, wa tatu anasema nunua kapteri (kipimaji kinachoiambia kompyuta hali ya moteri) nyingine. Kila mmoja anaweza kuwa na haki, lakini si kwa gari ile ile. Kwenye moteri iliyohamishwa, kosa mara nyingi halimo ndani ya kipuri kilichokufa. Limo mahali ambapo moteri mpya, kompyuta na gari la zamani vilikutanishwa: duriti (mpira wa hewa au maji) iliyosahaulika, waya wa masi (wa kurudisha umeme kwenye batri) uliobaki chini, kapteri ya moteri moja iliyofungwa kwenye kolekteri (bomba la kugawa hewa kwa silinda) ya nyingine. Kwa hiyo njia nzuri ya kutafuta ni ile inayoweza kuona kosa la aina hiyo kwenye gari lako wewe. Tunazungumzia moteri za petroli tu. Mazutu (dizeli) ina mambo yake.

Kabla ya kuchagua njia

Jua kwanza kompyuta yako inapimaje hewa. Hili ndilo linalobadilisha kila kitu kinachofuata.

Toyota nyingi za zamani za soko la Japani, kama zenye 5A-FE na 3S-FE, hupima mgandamizo ndani ya kolekteri kwa kapteri ndogo yenye duriti nyembamba. Nyingine, kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, hupima hewa yenyewe inapopita kwenye bomba baada ya chujio. Hewa ya wizi, yaani inayopenya kwenye ufa bila kupitia njia yake, ikiingia nyuma ya papiyoni, aina hizi mbili hulalamika tofauti. Ile ya kupima mgandamizo huona mgandamizo umepanda, inaongeza petroli, na ralanti inapaa. Ikizidi huku kompyuta ikiambiwa mguu hauko kwenye kanyagio, inakata petroli, mzunguko unaanguka, inarudisha petroli, unapanda tena. Ndiyo ile ya kupanda na kushuka bila kuchoka. Ile ya kupima hewa haioni kabisa hewa ya wizi. Mchanganyiko unakosa petroli, na moteri inatetemeka, inashuka au inazima. Fundi anayejua hili ameshapunguza nusu ya kazi kabla ya kufungua boneti.

Jambo la pili ni mwinuko. Goma na Bukavu ziko mita kama 1,500 juu ya bahari, Lubumbashi kama 1,200. Vipimo vilivyoandikwa vitabuni vingi ni vya usawa wa bahari. Geji ya mvuto (inayopima moteri inavyonyonya hewa) inayotakiwa kuonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kule pwani, hapa itaonyesha kama 5 pungufu, na moteri ni nzima. Geji ya kompresheni nayo husoma pungufu kwa kama asilimia 15. Moteri nzuri zimeshafunguliwa bure kwa sababu ya kusahau hili.

Vigezo tulivyotumia

Kila njia tumeipima kwa mambo matano: gharama na vifaa, inavyofanyika, inachokiona, inapodanganya, na inamfaa nani. Muda hatukuupa nafasi yake, maana fundi mmoja hutumia nusu saa pale mwingine anapotumia siku nzima.

Njia ya kwanza: mikono, masikio na geji

Gharama na vifaa. Koleo lenye kitambaa mdomoni, chupa ya kupulizia maji, multimita, na ukipata, geji ya mvuto. Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote.

Inavyofanyika. Pasha moteri hadi feni ya rejeta izunguke. Zima taa, zima kiyoyozi. Kisha bana duriti moja moja kwa koleo, taratibu, bila kuikata: ya servo ya breki, ya kuvuta mvuke wa oili, zile nyembamba zote. Duriti ambayo ukiibana ralanti inatulia, fuata mwisho wake. Mara nyingi utakuta imepasuka chini, au imechomekwa kwenye tundu ambalo halikuwa lake. Baada ya hapo pulizia maji kwa chupa kuzunguka gasketi ya kolekteri na pete za injekta. Maji huziba ufa kwa sekunde chache na sauti hubadilika. Wengi hutumia dawa ya kusafishia karburateri kwa kazi hii. Inafanya kazi, lakini ikidondoka kwenye ekzosi ya moto au kwenye waya wa buji uliochoka, gari linashika moto. Maji yanatosha, epuka tu kulowesha bobini na ditributeri. Kurusha petroli kwa bomba la sindano usifanye kabisa.

Usisahau umeme. Weka multimita kati ya ncha ya kutoa (−) ya batri na chuma cha moteri, mwenzako apige demarere (starta). Ukiona zaidi ya 0.3 V, waya wa masi ni mbovu au haupo. Hili ni kosa la kawaida mno kwenye moteri iliyohamishwa, kwa sababu waya ule huondolewa wa kwanza na kukumbukwa wa mwisho. Dalili yake: ralanti inacheza ukiwasha taa kubwa.

Gusa pia duriti mbili za maji zinazopita chini ya papiyoni, kama moteri yako inazo. Kwenye Toyota nyingi za zamani maji hayo ya moto ndiyo yanayofunga njia ya hewa ya ziada inayotumika moteri ikiwa baridi. Zikiwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe ili kurahisisha kazi, au kuna hewa imenasa kwenye maji, ralanti haitashuka hata ukisubiri hadi jioni.

Inachokiona. Hewa ya wizi kubwa na ya kati, duriti zilizokosewa, masi, valvu ya ralanti iliyoziba kaboni. Geji ya mvuto inaongeza jicho la ndani: hapa Goma, sindano iliyotulia kwenye inchi 13 hadi 15 ni nzuri, iliyotulia kwenye 9 inakuambia taiming (wakati wa cheche) imechelewa au mkanda umeruka jino, inayodunda kwa mpigo sawasawa inaelekeza kwenye valvu.

Inapodanganya. Ufa mdogo chini ya kolekteri, upande wa ukuta unaotenga moteri na kabini, haufikiki kwa mkono wala kwa chupa. Na mikono haijui kompyuta inafikiri nini.

Inamfaa nani. Kila mtu, kama hatua ya mwanzo. Lakini inamfaa hasa mwenye moteri ya karburateri au ya injekta za kale isiyozungumza na skana.

Njia ya pili: skana, na waya mfupi kwa Toyota za zamani

Gharama na vifaa. Kichomeko kidogo cha Bluetooth na programu ya simu kinatosha kwa kazi hii. Hakihitaji mashine kubwa ya garaji. Ila hakikisha gari inakijibu kabla ya kununua. Magari mengi ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana tundu la pini 16 lakini hayazungumzi lugha ya kawaida ya skana. Tundu si ushahidi.

Kama gari yako ni ya zamani zaidi, tafuta kisanduku cha plastiki kwenye boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Unganisha mawili hayo kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha moteri. Taa ya moteri itamulika: kupepesa kwa haraka bila kukoma ni salama, vinginevyo hesabu makumi, kisha mamoja. 22 ni kapteri ya joto la maji, 24 ya joto la hewa, 31 ya mgandamizo au hewa, 41 ya papiyoni. Na 51 ina maana yake ya pekee kwa mwenye moteri iliyohamishwa: kama kiyoyozi kimezimwa na mguu hauko kwenye kanyagio, kompyuta bado haiamini kwamba papiyoni imefungwa, au haipati ishara ya giaboksi kuwa huru. Hutokea sana pale kompyuta ya otomatiki inapowekwa kwenye gari ya gia za mkono. Kompyuta inadhani gari iko kwenye gia na inapanga ralanti kwa makosa.

Inavyofanyika kwa skana. Usianze na misimbo (namba za makosa). Anza na namba zinazoishi, kwa mpangilio huu:

1. Swichi imewashwa, moteri imezimwa. Kapteri ya mgandamizo isome karibu kPa 85 Goma na Bukavu, karibu 88 Lubumbashi. Ikisoma 100, kapteri ni ya aina nyingine, au imekufa, au nyaya zake zina kasoro.
2. Bado baridi, asubuhi. Joto la maji na joto la hewa yakaribiane. Yakitofautiana nyuzi 20, moja inadanganya.
3. Moteri ikiwa na joto, kwenye ralanti. Maji yawe nyuzi 80 hadi 95. Mgandamizo uwe kama kPa 30 hadi 40. Kwa wenye kipima hewa, moteri ya lita 1.5 hupitisha kama gramu 2 kwa sekunde.
4. Marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Ndani ya asilimia 10 juu au chini, sawa. Yakiwa +20 kwenye ralanti kisha yakarudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hewa ya wizi inaingia. Yakiwa juu pote, angalia pampu, chujio la petroli na usafi wa kipima hewa. Vumbi jeusi la lava hapa Goma hupita kirahisi pale sanduku la chujio la moteri mpya lilipokataa kukaa na fundi akatengeneza bomba la kienyeji.

Inachokiona. Kapteri isiyolingana, joto la uongo, papiyoni isiyofungwa, mchanganyiko uliokosewa. Hakuna njia nyingine inayoona haya bila kugusa kitu.

Inapodanganya. Hapa inabidi kuwa makini kuliko kwingine. Skana husoma kile kompyuta inachoambiwa, na kompyuta ya moteri iliyohamishwa inaweza kuambiwa uongo unaofanana na ukweli. Ekzosi ikivuja kabla ya kapteri ya oksijeni, hewa safi inanyonywa ndani, na skana itaonyesha petroli haitoshi wakati inatosha. Kolekteri ya ekzosi hufunguliwa karibu kila mara moteri inapobadilishwa, kwa hiyo isikilize kwanza moteri ikiwa baridi. Kingine: kwenye moteri za kupima mgandamizo, hewa ya wizi inaweza kukuonyesha marekebisho mazuri kabisa huku ralanti ikiwa 1,400, kwa sababu kompyuta imeihesabu hewa hiyo na kuipa petroli yake. Usiseme "skana haioni kitu, basi hakuna mvujo."

Inamfaa nani. Mwenye gari linalojibu skana na fundi anayesoma namba, si misimbo tu. Pia mwenye moteri yenye papiyoni ya umeme. 1NZ-FE zipo za kebo na zipo za umeme, na kuchanganya papiyoni ya aina moja na kompyuta ya nyingine hakurekebishiki kwa kusafisha.

Njia ya tatu: moshi

Gharama na vifaa. Mashine ya dukani ni ghali, lakini ya kutengeneza haihitaji umeme wa mji, batri inatosha. Kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, buji ya kupashia ya moteri ya mazutu (hakikisha ni ya volti 12), utambi wa pamba, mafuta ya watoto yasiyo na maji, na pampu ya mguu. Mipira miwili: mmoja wa kuingiza hewa, mmoja wa kutoa moshi.

Sehemu inayosahauliwa ni kikomo cha mgandamizo. Usivuke 0.07 bar, la sivyo unasukuma sili za oili na kutengeneza mvujo mpya. Njia rahisi: weka kiungo cha njia tatu kwenye mpira wa moshi, tawi moja ulizamishe kwenye bidoni ya litra 20 iliyojaa maji, kina cha sentimita 35. Maji hayo yanakaba kama 0.035 bar; hewa ikizidi, inatoka kwa mapovu. Kompresa ya kujazia matairi usiiunganishe moja kwa moja, na kopo usilitie petroli wala oili iliyotumika.

Inavyofanyika. Moteri izimwe na iwe baridi. Ziba bomba la hewa mbele ya papiyoni kwa mfuko mzito na kibano. Toa duriti ya servo kwenye kolekteri, ingiza moshi hapo. Bana duriti ya mvuke wa oili, vinginevyo moshi utatokea kwenye mdomo wa kuwekea oili na utadhani umeshapata. Subiri dakika 3 hadi 5, tumia tochi. Moshi kidogo kutoka ekzosi si kosa. Kuna valvu zilizo wazi.

Inachokiona. Mahali penyewe. Gasketi ya kolekteri iliyotumika mara ya pili, pete ya injekta iliyokauka, tundu la nyuma lililoachwa bila kifuniko kwa sababu gari la zamani halikuwa na duriti hiyo. Kwa haya haina mpinzani.

Inapodanganya. Inaona mvujo tu. Masi mbovu, kapteri ya kigeni, taiming, vyote vinapita salama mbele ya moshi. Na ufa unaofunguka moteri ikipata joto unaweza kujificha kwenye baridi.

Inamfaa nani. Garaji inayobadilisha moteri mara kwa mara: mtihani wa moshi kabla ya kukabidhi gari huokoa ugomvi mwingi. Na mwenye gari ambaye njia ya kwanza imemwambia "kuna hewa" bila kumwambia wapi.

Njia ya nne: kipuri cha kuazima

Wengi huidharau njia hii, lakini ina mahali pake. Kama gari lililotoa moteri bado lipo, au ulinunua moteri na vifaa vyake vyote, kurudisha kapteri na papiyoni zake za asili ni hatua ya busara kuliko kubahatisha.

Gharama. Ndogo ikiwa unaazima, kubwa kuliko zote ikiwa unanunua. Vipuri vya umeme vya okazioni aghalabu havirudishwi.

Inavyofanyika. Kipuri kimoja kwa mara moja. Andika mizunguko kabla na baada. Ralanti isipobadilika, rudisha cha zamani kabla ya kujaribu kingine. Kila mara ondoa fusibo ya injekta kwa dakika moja, kisha acha moteri kwenye ralanti dakika 10 hadi 15 ijifunze upya. Ukibadili kapteri ya papiyoni, irekebishe: ikifungwa, waya wa ishara usome kati ya 0.3 na 0.8 V.

Inachokiona. Kapteri inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, ambayo vipimo vya asubuhi havikuinasa.

Inapodanganya. Fishi inaingia, boliti zinalingana, lakini ndani si kile kile. Kwa Toyota soma namba: 89420 ni kapteri ya mgandamizo, 22204 kipima hewa, 89452 kapteri ya papiyoni, 22270 valvu ya ralanti. Hizo namba tano za mwanzo zinataja aina tu. Tano zinazofuata ndizo zinazotaja ya moteri gani. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, na ulinganishe zote kumi.

Inamfaa nani. Mwenye gari la kutoa vipuri uani, na mwenye subira ya kuandika.

Kwa hali yako

Ralanti iko juu tangu siku ya kwanza na haishuki: anza na mikono. Bana duriti, gusa maji ya papiyoni, angalia kebo isiwe imevutwa na mpangilio mpya wa moteri. Usiguse skrubu ya papiyoni kuficha tatizo. Utarudi tena na matatizo mawili.

Inapanda na kushuka, moteri ya kupima mgandamizo, gari halijibu skana: waya wa TE1 na E1 kwanza. Ukipata 51, shughulika na kapteri ya papiyoni au ishara ya giaboksi. Ukipata salama, nenda kwenye moshi.

Inatetemeka na kuzima, moteri ya kupima hewa, skana inajibu: tazama marekebisho kwenye ralanti na kwenye 2,500. Yakionyesha hewa, sikiliza ekzosi, kisha moshi uonyeshe mahali.

Ilikuwa nzuri wiki mbili, sasa inacheza kwenye joto tu: kapteri ya joto la maji ipimwe nje kwa multimita. Kwa Toyota nyingi ni kama kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Ikiruka kati yake, azima nyingine.

Unaishi Goma, unasafirisha gari kwenda Bukavu kwa boti na fundi wa huko ndiye atakayeiona: mpe karatasi yenye namba ya moteri, namba ya kompyuta, aina ya kipima hewa, na nini kilichukuliwa kwenye gari gani. Bila karatasi hiyo ataanza kubahatisha, hata akiwa fundi mkubwa.

Na kama geji inaonyesha mvuto mdogo uliotulia, hakuna mvujo, kapteri zote zinasoma vizuri: acha ralanti, fungua kifuniko cha mkanda uhesabu alama. Kwa moteri za ditributeri kama 5A-FE na 3S-FE, unganisha TE1 na E1 moteri ikiwa na joto, kisha elekeza taa ya taiming: inatakiwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kileleni. Ikikataa kufika hapo hata ukizungusha ditributeri hadi mwisho, mkanda umefungwa jino pembeni.